Vidonge vya Mama Nyabate

Mogogosiek
6 Julai 2025

Mke wa Ondieki,

Nakuandikia karatasi kwa sababu umeacha kushika simu yangu, na kwa sababu nataka maneno haya yakae mahali huwezi kuyafuta kwa kidole. Janefer wa mitumba atakuletea akija Kericho kuchukua mzigo.

Jana nilikuja hospitalini kwenu na uji wa wimbi wa mama yangu. Kitanda chake kina mtu mwingine. Nikaelekezwa kachumba ka mwisho karibu na choo, mlango umefungwa, umebandikwa karatasi nyekundu. Mama yuko ndani peke yake kama mtu aliyeua. Msichana wa zamu akaniambia nivae gauni na glavu kabla ya kumshika mama aliyenizaa. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila hata kuniangalia: "Maabara imepata ana jeni za usugu."

Maabara ni wewe, Aluoch. Hakuna mwingine wa ukoo wetu anayekaa humo na koti jeupe.

Kwa hivyo umewatangazia watu kwamba mama yetu ana jeni mbaya. Huyo msichana ana dada yake anayekaa Boito, na leo kanisani mtu ameniuliza kama ni kweli ugonjwa wa kifua uko kwenye damu yetu, na kama Marcella wangu atauchukua. Mtoto wangu alikuwa amesimama hapo hapo akisikia.

Najua hujasahau siku Ondieki alipokuleta nyumbani mara ya kwanza, Mama akasema afadhali kijana wake angeoa mwizi anayejua Kikisii. Alikosea kusema vile. Lakini kumlipiza mgonjwa kitandani ni roho ya namna gani? Na watoto wako wawili, hiyo damu yao uliitoa wapi?

Mtoe kwenye hicho chumba.

Mellen


Kericho
9 Julai 2025

Mama Marcella,

Barua yako imefika. Simu yako sishiki kwa sababu mara ya mwisho ulinitukana simu ikiwa mkononi mwa Zack, naye ana miaka sita.

Kwanza hiyo jeni. Mama hana jeni mbaya, wewe huna, na watoto wangu hawana. Jeni tulizozipata ni za bakteria waliomo kwenye makohozi yake, wale waliomletea nimonia. Kila kiumbe hubeba ndani yake maagizo ya namna ya kuishi, na bakteria vilevile. Hawa wa Mama wana maagizo ya kutengeneza kitu kinachoikatakata dawa kabla haijawadhuru. Tena wanaweza kuwapa bakteria wengine maagizo hayo, hata wasio wa aina yao. Ndiyo maana ya kile chumba na zile glavu. Wadi ile ina wanawake waliotoka kupasuliwa. Haikuwa adhabu, na uamuzi haukuwa wangu. Sampuli ilisomwa Kisumu, kwa mashine. Mashine haijui Mama alisema nini siku ya kwanza nilipokuja kwenu. Mimi ninajua, lakini hilo halikuingia kwenye majibu.

Sasa na mimi nikuulize. Bakteria hawa wameshinda amoxil, wameshinda septrin, wameshinda hata seftriaksoni ya sindano, ambayo ndiyo tunayoanza nayo kwa mgonjwa mzito. Hawakuzizoea dawa hizo kwa kunywa chai. Mama anaishi kwako, nawe una duka la dawa. Ulimpa nini, na kwa muda gani? Daktari anahitaji kujua, na amesema wewe ulimjibu "dawa za kawaida tu."

Dawa za kawaida ni zipi, Mama Marcella?

Aluoch


Mogogosiek
11 Julai 2025

Aluoch,

Usinifundishe dawa. Cheti changu kiko ukutani, nilikisomea kama wewe ulivyosomea chako. Mimi si wale wanaouza vidonge viwili viwili wakivifunga kwa kipande cha gazeti. Mwezi wa tano nilimpa Mama amoxil, boksi zima, nikamwambia amalize. Basi. Hakuna kingine.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza, na sidhani umelisahau. Mwezi wa nne Mama aliteleza kwenye matope akavunjika paja, mkamlaza hapo hapo kwenu, hiyo hiyo wadi ya wanawake waliopasuliwa. Alikuja na mguu. Akarudi kwangu na kikohozi. Kabla ya hapo kifua chake kilikuwa cha mtu aliyepanda milima ya majani chai maisha yake yote. Sasa niambie, hao bakteria wenye maagizo walimkuta wapi?

Na kwa kuwa sisi ni wachafu hata wa kushikwa kwa glavu, Jumatatu nakuja na baba mdogo Gekara na pikapu yake. Mama anataka kulala kwake.

Mellen


Kericho
15 Julai 2025

Mellen,

Mmemchukua. Niliwaona kutoka dirisha la maabara mkimpandisha nyuma ya pikapu, juu ya godoro, mmemfunika turubai kwenye mvua ile. Sikutoka. Ningetoka tungeshikana mbele ya wagonjwa, na mzee Gekara angelazimika kutuamua.

Daktari alikusihi. Homa ilikuwa imeanza kushuka. Ile dawa ya mshipa, meropenem, ndiyo pekee ambayo bakteria wale bado wanaiogopa, na huwezi kuipata Mogogosiek hata uwe na maduka kumi. Umeikatiza kabla haijamaliza kazi. Waliobaki kifuani mwake sasa ni wale wagumu zaidi.

Fanya basi haya. Mikono ioshwe kila akihudumiwa. Kikombe chake kiwe chake. Mtoto mchanga asilale naye wala asilishwe naye. Usimpe chochote kutoka dukani kwako. Usimchome sindano yoyote.

Kuhusu mwezi wa nne, hospitali yetu ina utaratibu wake wa usafi na unafuatwa.

Na kwa kuwa hutaki kuniambia ulimpa nini, nitawaachia watu ambao kuuliza ndiyo kazi yao.

Aluoch


Mogogosiek
23 Julai 2025

Wewe,

Wamekuja. Walichagua siku ya soko, au ni wewe uliwachagulia. Wakaguzi wawili na askari. Wakatoa maboksi yangu nje kwenye barabara, wakayapanga chini kama nguo za kuuza. Bethwel wa buchari akaacha nyama kwenye mizani akaja kutazama. Wanawake niliowapa dawa za watoto wao wakisema watanilipa mwezi ujao walisimama wakiangalia, na hakuna hata mmoja aliyenisemea neno. Kisha wakaweka kufuli yao juu ya kufuli yangu.

Hiyo kazi ya miaka yote, Aluoch, umeimaliza kwa karatasi moja. Natumaini umelala vizuri. Ondieki alinipigia akaniambia yeye hajui lolote. Ondieki huwa hajui lolote, ndiyo sababu mmedumu.

Mama anaendelea vizuri. Anakula. Jana aliota jua nje. Usiulize tena habari zake, na usije.

Mellen


Kericho
25 Julai 2025

Mellen,

Ndiyo, ni mimi. Niliandika malalamiko na nikaweka jina langu lote chini, sikujificha. Ningefanya tena.

Mkaguzi ameniambia walichokuta chini ya kaunta. Seftriaksoni. Chupa zake tupu kwenye ndoo. Kitanda cha kuchomea watu sindano nyuma ya pazia. Uliniambia ni amoxil, boksi zima, basi.

Na mbona unaniandikia kwamba Mama anaota jua? Janefer anapita kwako kila akienda na akirudi. Anasema Mama anasikika akipumua mtu akiwa barabarani. Tena jua gani? Wiki nzima hii huko kwenu Konoin ni ukungu na mvua, hata kiwanda cha chai kinalalamika majani ni maji matupu.

Mrudishe hospitalini. Kama shida ni uso wangu, nitaomba likizo, hutaniona. Lakini mrudishe.

Aluoch


Mogogosiek
27 Julai 2025

Kwa Mellen na kwa Aluoch, nyinyi wawili,

Ni mimi Nyabate nasema, na Tecla wa nyumba ya pili ndiye anaandika. Pumzi yangu inakatika. Nitasema kidogo, nipumzike, niseme tena.

Barua zenu nimezisikia tangu nirudi. Mellen anazisoma kwa sauti jikoni akiwa na hasira, anafikiri nimelala.

Aluoch, wacha kusema Mellen alinitoa hospitali. Ni mimi nilijitoa. Nilimwambia nikifia hapo ndani bila mtu kunigusa na mkono mtupu, hatakuwa na amani. Akakataa. Nikakataa chakula. Ndiyo akaleta Gekara.

Mellen, na wewe wacha uongo. Ulinichoma hizo sindano nyuma ya duka kila nikikohoa, ukaniambia nisiseme kwa watu. Uliogopa nife, najua. Lakini usiseme amoxil tu.

Na hivyo vidonge vya boksi, hakuna siku nilimaliza. Nilikuwa nameza mpaka kifua kilegee, halafu nagawa. Hao wanawake wa laini, hizi nyumba zetu za wachuma chai, nimechuma majani nao tangu Mellen akiwa mgongoni. Mtoto wa mwenzangu anakohoa usiku kucha, mimi niko na dawa kwa kitambaa, nitamnyima? Huyu viwili, yule kimoja, mwingine nusu, nikivunja na meno. Sijuti kugawa. Kama ilikuwa vibaya, nyinyi wasomi wawili mngekaa chini mniambie mimi, badala ya kuambiana nyinyi kwa nyinyi.

Sasa sikieni. Metrine wa Tecla, ambaye bado hajaanza kutembea, nilimpa nusu kidonge mwezi uliopita, na tena nusu. Leo amelala hapa karibu yangu. Anapumua vile mimi napumua. Tecla anaandika hii huku analia, na nimemwambia aandike hata hiyo.

Tupelekeni pamoja, mimi na mtoto. Mkija kunichukua peke yangu, sipandi gari.

Nyabate

Dada Aluoch, nimeandika vile amesema, sijaongeza. Mama Marcella alimpa Metrine dawa ya maji ya nyumbani kwake, akasema nisubiri. Kifua cha mtoto kinaingia ndani akivuta pumzi, na leo amekataa kunyonya. Nisubiri?
Tecla


Kericho
28 Julai 2025

Mellen,

Janefer amenipa barua ya Mama sasa hivi. Simu yako imezimwa. Ondieki anakuletea karatasi hii kwa mkono, na gari liko nje.

Tecla asisubiri. Wapandishe wote wawili. Tecla amshike mtoto wima kifuani, asimlaze. Usimpe kitu kingine chochote kwa mdomo. Chukua chupa na boksi za kila kitu ulichowahi kumpa Mama na huyo mtoto, uje nazo, hata zile ulizoficha.

Daktari anawangojea. Majibu ya Mama kutoka Kisumu yako mezani mwake, kwa hivyo hataanza kujaribu dawa moja baada ya nyingine. Anajua ya kuanza nayo.

Sikukuita kwa upole na hujanisamehe. Panda gari.

Aluoch


Kericho
15 Agosti 2025

Mama Marcella,

Tangu tumzike Mama kule nyumbani kwenu Keroka hatujasemezana. Nilikaa na wanawake wa boma siku nzima, ukapita ukigawa chai, ukamrukia mtu mmoja tu. Sikuandikii kwa ajili ya hiyo chai.

Naandika kwanza kukuambia kwamba Metrine ametoka leo. Amenenepa mashavu. Daktari amesema wazi kwamba kama wangeanza na dawa ya kawaida wakangoja maabara iseme, asingefikisha asubuhi. Alipewa meropenem alipofika kwa sababu ya majibu ya Mama. Nilimwambia Mama hayo, siku moja kabla hajatutoka. Aliuliza tu kama mtoto amenyonya. Nikasema ndiyo. Akanishika mkono. Sikuwa na glavu, Mellen. Nilizivua mwenyewe, na baadaye nikaosha.

Tumesoma bakteria wa Metrine pia. Jeni ni zile zile.

La pili ni gumu kwangu. Uliniuliza Mama aliwapata wapi, nami nikakujibu habari ya utaratibu wa usafi. Nilikujibu hivyo kwa sababu sikutaka kutafuta. Baada ya mazishi nimetafuta. Jokofu letu lina sampuli za zamani za wadi ile. Kuna wanawake wawili waliolazwa pale mwezi wa tatu, kabla Mama hajavunjika mguu, nao wana bakteria wale wale wenye jeni zile zile. Kisha nikaenda na pamba nikapangusa sinki ya wadi, pale wauguzi wanapoosha mikono, chini kwenye tundu la maji. Wamo. Walikuwa kwetu kabla yake.

Sindano zako ziliwakomaza. Vidonge vya Mama, alivyovunja kwa meno, viliwatembeza laini nzima. Lakini walianzia hapa.

Nilimpelekea mkubwa wangu matokeo hayo. Akasoma, akafunga mlango, akaniambia hospitali ikipata jina la namna hiyo wagonjwa wataikimbia, na anayetoa siri za maabara hana kazi hapa. Kwa hivyo nimenyamaza. Lakini wewe ndiye uliyeuliza, na mama alikuwa wako. Barua hii ina jina langu. Ifanyie unavyotaka.

Kuhusu duka sikuombi msamaha.

Aluoch


Mogogosiek
20 Agosti 2025

Aluoch,

Nilisoma barua yako mara moja. Baba mdogo Gekara alikuwepo, akasema hiyo ni ya kupeleka kwa wakili mara moja, tuwavue nguo, wewe na hospitali yako. Akanyoosha mkono nimpe. Nikamwambia ngoja niisome tena, nikaingia jikoni nikaitia kwenye moto. Alinikuta nachochea. Ameondoka bila kuniaga.

Usidhani nimekupenda. Kufuli ya serikali bado iko mlangoni kwangu, na kila nikipita hapo nalitaja jina lako, na si kwa kukuombea. Lakini Zack na mdogo wake wanakula kwa mshahara wako, kwa sababu Ondieki akiachiwa hata kuku watakufa njaa.

Jumatatu nilipanda Kericho, kwa ofisi ya afya ya kaunti. Nikaandika malalamiko kwa jina langu. Nikasema mama yangu aliingia wadi ile na mguu akatoka na kikohozi, na ninataka masinki yapimwe na watu kutoka nje, na majibu tupewe sisi wenye mgonjwa. Maabara sikutaja. Mtu sikutaja. Karani akaniuliza nani ameniambia mambo ya masinki. Nikamwambia mimi ni mtu wa dawa, nimesoma. Akaangalia jina langu tena, akalikumbuka, akamwita mwenzake: "Si huyu ndiye wa lile duka la Mogogosiek?" Wakacheka wote wawili. Nikawaacha wacheke mpaka muhuri ukagongwa.

Tecla sijui kama atanizoea tena. Nilikwenda kumwona Metrine. Alifungua mlango nusu, akaniambia mtoto amelala, na mimi nilikuwa namsikia mtoto anacheka huko ndani. Sikubisha. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Lakini amepita laini yote na beseni, nyumba kwa nyumba, kuwauliza wanawake vidonge walivyopewa na Mama, na vile ambavyo mimi niliwauzia wakavibakiza. Limejaa. Aliliacha mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Niambie pa kulipeleka, kwa maana chooni najua hapafai.

Wapimaji watakuja kwenu wiki hii, karani ameniambia bila kutaka. Watapitia maabara kwanza. Vaa koti safi. Wakikuuliza, wewe hujui kitu, unashangaa kama wengine. Shida ni kwamba hujui kuigiza. Siku ya arusi yako uso wako ulisema kila kitu, ukumbi mzima tukasoma. Kwa hivyo jifunze leo, mbele ya kioo, na umwambie Ondieki akuangalie.

Hii pia uichome.

Mellen